Mstari Wenye Nyota

Wiki mbili nzima Twaha hakuniandikia hata neno moja. Ijumaa ile nikaapa sitoki ofisini mpaka nimwone uso kwa uso, aniambie nilimkosea nini.

Usinicheke. Mtu anaweza kumpenda mtu aliyeonana naye mara mbili tu. Mie nimeweza, na sikujifunza kwa mtu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Kinondoni, ghorofani, juu ya cherehani za dada Eufrazia. Mwenye ofisi, Bwana Anselmo, alikuwa na kompyuta moja, waandishi wa programu wawili na maneno mengi. Kwa kuwa watu wawili hawawezi kukalia kiti kimoja, alitugawia siku: mie asubuhi, saa moja na nusu mpaka saa sita na nusu, Twaha mchana, saa saba na nusu mpaka magharibi. Ile saa moja ya katikati ilikuwa ya kompyuta kupoa. Bwana Anselmo aliamini kompyuta lazima ipoe, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Kwa hiyo mie nikishuka ngazi na kumwachia Eufrazia ufunguo, Twaha alikuwa bado njiani anatoka Kunduchi. Saa moja ya kupoza chuma ndiyo ilitutenganisha miezi mitano, tangu siku ya kwanza Bwana Anselmo alipotukutanisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zahanati moja ya mtu binafsi kule Mabibo ilitaka kadi za wagonjwa zitoke kwenye makabati, ziingie kwenye kompyuta. Mie nilikuwa naandika sehemu ya kumwandikisha mgonjwa mpya, Twaha anaandika sehemu ya kumtafuta mgonjwa wa zamani. Kila mmoja na faili lake ndani ya mashine, kila mmoja na disketi yake ya kubebea nakala.

Ndiyo ilikuwa ajira yangu ya kwanza, mwaka tisini na saba, nina miaka ishirini na tatu, na kwetu Temeke hakuna aliyejua nafanya nini hasa. Mama aliwaambiaga majirani kwamba Najat anachapa barua. Nilimwacha aseme hivyo, maana kumweleza ilikuwa shughuli. Nilikuwa nimeshagundua kwamba saa tano za kompyuta hazitoshi kufikiri, kwa hiyo kufikiri nilikufanyia nyumbani. Naandika programu yote kwa penseli kwenye daftari, kisha naipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kama vile mie ndiye mashine. Nikikwama nafuta. Ofisini naenda kupiga tu.

"Unaongea na nani?" mama alikuwa ananiuliza kutoka jikoni.

"Na daftari, mama."

"Haya. Ukimaliza, likuletee na mume."

Nilifanya kazi nyingi kwa namna hiyo, Bwana Anselmo mwenyewe alikiri. Lakini mtu asikudanganye, ni kazi ya upweke. Siku nzima unasema na kitu kisichokujibu, na jioni unarudi kwa watu wasiojua ulikuwa unasema nini.

Sasa kuna jambo moja lazima nikueleze, maana ndilo lililoniponza. Katika lugha ile tuliyoandikia programu, mstari ukiuanza kwa alama ya nyota, mashine inauruka. Haiusomi kabisa. Mstari wenye nyota ni wa binadamu tu: unamwandikia mwenzako atakayekuja baada yako, umweleze hapa ulikusudia nini.

Mstari wangu wa kwanza kwa Twaha ulikuwa wa ukali. Niliandika juu kabisa ya faili lake: *Nani anakula mihogo juu ya kibodi? Herufi ya M imekwama.*

Kesho yake, juu ya faili langu, nikakuta nyota na jibu: *Ni mie, dada, nisamehe. Anachoma mama yangu. Nimekuachia kipande kwenye droo.*

Kweli kilikuwepo, kimefungwa kwenye gazeti, chumvi na pilipili pembeni. Nilikila chote, nikanawa mikono mara mbili ndipo nikagusa kibodi.

Basi ikawa ndiyo ada yetu. Kila asubuhi, kabla ya kazi, nafungua faili langu nisome alichoniandikia jana mchana. Mara ananiuliza Temeke mvua imenyesha. Mara ananieleza mama yake kagombana na jirani kwa ajili ya kuku. Siku moja aliandika: *Leo umeandika vizuri kile kifungu cha umri wa mgonjwa. Nimekisoma mara mbili bila sababu.* Na mie nikausoma mstari huo asubuhi nzima, nikachelewa kazi kwa mara ya kwanza.

Halafu, Jumanne moja, kimya. Jumatano kimya. Alhamisi nikamwandikia mie, *Mbona hivyo?* Hakujibu. Nina kiburi, sikatai. Sikuandika tena.

Kimya kile kilipofika wiki moja na nusu, barua ya posa ikaletwa nyumbani. Ilitoka kwa Nassibu, mwenye duka la mbao Tandika, mtu mpole, hana neno na mtu, anamheshimu mama yake. Ningeweza kumtafutia kasoro mwaka mzima nisiipate. Baba aliahidi kujibu Ijumaa baada ya alasiri, mshenga akija.

Shangazi Bi. Tunu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa aniulize. Alhamisi alinikuta nachambua mchele.

"Kesho nitakuuliza mbele ya mama yako," aliniambia. "Usiogope. Hutatakiwa kusema kitu."

"Nisipojibu je, shangazi?"

"Ukinyamaza umekubali. Ndivyo nilivyoolewa mie, ndivyo alivyoolewa mama yako. Mwari atasemaje ndiyo na aibu yote ile? Anainamisha kichwa, mie natoka nje nawaambia wanaume, mtoto karidhia."

"Na asiyetaka?"

"Asiyetaka ana mdomo," akasema, akachukua ungo wake.

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza, nakwambia ukweli. Twaha kanichoka, Nassibu kanitaka, kuna nini tena cha kungoja? Ila asubuhi ya Ijumaa Bwana Anselmo akaniambia kwamba Twaha amepata kazi Mwanza, na leo ndiyo zamu yake ya mwisho. Nikaona nitaolewa, sawa, lakini sitaolewa na donge rohoni.

Saa sita na nusu nikazima kompyuta ipoe. Nikakaa.

Alipanda ngazi taratibu, ametoka msikitini, kavaa kanzu ya Ijumaa, kofia ameishika mkononi. Alipofungua mlango akaniona, alisimama pale pale. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi. Mtu nimemsoma miezi mitano, nimesahau uso wake.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykum salaam."

"Zamu yako si imeisha, Najat?"

"Saa naijua kusoma. Nakusubiri wewe."

Akaingia. Hakukaa, aliegemea dirisha, akawa anaizungusha ile kofia vidoleni. Kiti kilikuwa kimoja na nilikuwa nimekikalia mie.

"Nasikia unakwenda Mwanza," nikasema.

"Kesho. Basi linaondoka alfajiri. Kuna kiwanda cha samaki kinataka mtu wa kompyuta."

"Mtoto wa Kunduchi anafuata samaki Mwanza."

Akacheka kidogo, halafu akakumbuka kwamba hatuchekeani tena, akaacha.

"Ulikuwa huniagi?"

"Nilidhani hutaki kuagwa."

"Nani kakwambia sitaki?"

"Wewe."

Hapo nilisimama. Nilikuwa nimejipangia maneno ya adabu toka asubuhi, na yote yakanitoka.

"Twaha, mie nimekwambia nini? Wewe ndiye uliyenyamaza. Mie naingia hapa asubuhi, nafungua faili hata sijavua viatu, nakuta mistari yangu peke yake. Siku ya nne nikasema, kanichoka. Siku ya sita nikasema, ana mtu. Siku ya nane nikalia, hapo hapo ulipoegemea, na sina wa kumwambia. Ningesemaje? Kwamba nimeachwa na mtu ambaye sijawahi kuwa naye?"

Aliiweka kofia dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ya vumbi, sijui ya nini.

"Nilikuandikia," akasema.

"Lini?"

"Jumatatu. Jumatatu ya wiki juzi. Juu kabisa ya faili lako. Nilianza saa nane, nikawa naandika nafuta, naandika nafuta, mpaka dada Eufrazia akaja kugonga, anataka kufunga geti. Sikufanya kazi yoyote siku ile."

"Sikuona kitu."

"Najat, usinifanyie hivyo. Kama hukutaka, si kosa. Lakini usiseme hukuona."

"Naapa sikuona."

"Uliona, kwa sababu ulifuta."

"Nilifuta nini?"

Akageukia dirishani. Kule chini cherehani za Eufrazia zilikuwa zinakwenda, na nilimsikia Twaha anavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia.

"Niliandika kwamba nataka kumtuma mjomba wangu kwenu Temeke," akasema akiwa bado amenipa mgongo. "Nikaandika, kwetu Kunduchi msichana haambiwi ajibu. Akinyamaza, karidhia. Nadhani na kwenu ni hivyo. Nikasema sitaki kukutia aibu ya kutafuta maneno. Kwa hiyo, ukiridhia, usiuguse mstari huu. Uache hapa hapa ulipo, nikija kesho mchana niukute. Na kama huridhii, ufute. Nitaelewa, na sitakusumbua tena."

Mie nilikuwa bado nimesimama.

"Jumanne nilitoka nyumbani saa nne," akaendelea. "Nikakaa kule chini kwenye benchi la Eufrazia nangoja saa saba na nusu ifike, maana niliogopa kukutana na wewe ngazini. Hata ulivyopita nilijificha nyuma ya vitambaa. Nikapanda. Nikafungua. Mstari haupo. Alhamisi ukaniuliza mbona hivyo. Nilidhani unanikejeli."

Jumanne ile. Nikaikumbuka yote, saa kwa saa, nikarudi kitini.

Zahanati ya Mabibo ilikuwa na wagonjwa wawili wenye jina moja, umri mmoja, mtaa mmoja, na programu yangu kila siku ilimpa huyu kadi ya yule. Siku tisa nilikuwa nimekwama hapo. Jumatatu ile, narudi nyumbani, likanijia: tumwandikishe mtu na jina la mama yake. Sikuweza kungoja kesho. Nikapitia Chang'ombe kwa rafiki yangu Apolonia, anafundisha watu kuchapa kwenye chuo kimoja pale na wana kompyuta, nikamwomba kompyuta moja kwa muda wa saa mbili. Nikatoa disketi yangu, nikaandika, nikajaribu, ikakubali. Nilirudi nyumbani naimba. Na Jumanne asubuhi niliingia ofisini mbio, nikaichomeka ile disketi, nikaamuru kazi yangu mpya iingie kwenye mashine.

"Mashine iliniuliza," nikasema.

"Ilikuuliza nini?"

"Kwamba faili hili lipo tayari, niweke jipya juu yake? Nikabonyeza ndiyo. Sikulifungua kuangalia, Twaha. Mkoba ulikuwa bado begani. Lile la zamani lote likaenda."

Huyu hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Aligeuka, akanitazama, na nikaona jinsi jambo lile lilivyomwingia taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayepitia programu mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo hukufungua kwanza."

"Kila siku nafungua kwanza. Siku ile moja tu."

"Jina la mama," akasema.

"Ndiyo. Lilinijia njiani."

"Nililiona. Jumanne ile ile, nimesimama hapo, nimeshajua umenikataa, nikashuka chini ya faili nikaona umeweka jina la mama. Nikasema, huyu kanifuta, na kazi kaifanya vizuri hivi."

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Niliyafuta kwa ncha ya mtandio. Twaha alinyoosha mkono, halafu akaurudisha, akaushikilia na ule mwingine nyuma ya mgongo.

"Niulize tena," nikamwambia. "Niko hapa. Hakuna disketi, hakuna mashine. Niulize kwa mdomo."

Alifungua mdomo. Nilimwona. Wallahi nilimwona neno limefika kwenye meno. Kisha akaufunga.

"Dada Eufrazia kanisimamisha hapo chini," akasema. "Kaniambia kwenu kuna barua ya posa."

"Ipo. Nilimwambia mie asubuhi. Naulizwa leo, baada ya alasiri."

"Basi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kukuuliza. Posa ya mwenzangu iko kwenu, haijajibiwa. Mtu haposi juu ya posa ya mwenzie, hilo na wewe umefundishwa madrasa. Nitakuwa nimemwibia."

"Jumatatu hukuwa mwizi."

"Jumatatu hakukuwa na barua."

"Na nikiikataa?"

"Usinifanye niseme, Najat."

"Sema. Nikiikataa?"

"Nikikwambia ukiikataa nitakuja, hapo hapo nimeshaposa. Tofauti iko wapi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Yule mtu kafanya vizuri. Katuma wazee, kaleta barua, kaingia kwa mlango. Mie nilijificha nyuma ya nyota. Sitaki kuanza na wewe kwa kumdhulumu mtu."

Nikamkasirikia, na nikampenda zaidi, vyote kwa pamoja, na sikujua kipi nikitangulize.

"Kwa hiyo nikamkatae Nassibu, halafu nibaki mikono mitupu. Huna neno lolote la kunipa nikaondoka nalo."

"Sijakwambia umkatae."

"Hujaniambia kitu. Tangu nikujue hujawahi kuniambia kitu, unaandika tu."

Hilo lilimuuma, nililiona. Sikumwomba radhi. Nilichukua mkoba, nikapanga daftari langu na penseli, nikampisha kiti. Saa nane ilikuwa imekaribia na safari ya Temeke ni ndefu.

"Utafanya kazi leo?" nikamuuliza mlangoni.

"Imebaki sehemu ndogo ya kutafuta. Nikuachie ikiwa nzima."

"Ukimaliza, ufunguo kwa Eufrazia."

"Najua."

Hatukupeana mkono. Nilishuka zile ngazi ishirini na mbili, na nilizihesabu zote ili nisigeuke.

Nyumbani wanaume walikuwa barazani: baba, mjomba, na mshenga na koti lake. Niliwaamkia shikamoo kwa pamoja, nikapita. Chumbani kwa mama mkeka ulikuwa umeshatandikwa, udi unafukizwa. Mama alikuwa amevaa kanga mpya. Nilivyoiona ile kanga mpya, moyo wangu ulikaribia kubadilika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

Nikakaa. Bi. Tunu akanishika goti.

"Najat, imekuja barua kutoka kwa kina Nassibu. Baba yako kaipokea, kaona ni watu wazuri. Sie tumeona ni watu wazuri. Tumekuita tukusikie. Wewe wasemaje?"

Nikainamisha kichwa. Sikukusudia, kichwa chenyewe kiliinama kwa aibu. Nikasikia udi, nikasikia mshenga anakohoa nje. Hakuna kitu rahisi duniani kama kunyamaza. Hata mikono huinui. Unakaa tu, na maisha yako yanakwenda upande mmoja.

Shangazi akangoja. Akauliza mara ya pili, kama ilivyo desturi. Mama akaanza kutabasamu. Shangazi akaweka mkono chini ajiinue, awapelekee wanaume habari.

"Shangazi, sikubali."

Mkono wake ukabaki pale pale chini.

"Umesema?"

"Sikubali. Waambie nawashukuru, Nassibu ni mtu mwema, sina la kumsema. Lakini mie sikubali."

"Una mtu?" Mama ndiye aliyeuliza.

Nikamtafuta Twaha kwenye kila neno alilonipa mchana ule. Nilipekua yote. Hakuwepo.

"Sina, mama."

"Huna mtu, na mtu mwema unamkataa. Sasa unamkataa kwa ajili ya nani?"

"Sijui, mama. Ila nikinyamaza nitakuwa nimedanganya."

Bi. Tunu alinitazama sana. Nilidhani atafoka. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka kwenda barazani, na nilisikia mazungumzo ya nje yanakatika. Mama alikunja mkeka peke yake, hakutaka nimsaidie. Jioni ile alipakua chakula akaniwekea pembeni, akaenda kula na shangazi. Kanga mpya alikuwa ameshaivua.

Jumamosi nilikwenda kazini, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Eufrazia alikuwa anafungua geti.

"Jana katoka magharibi," akaniambia kabla sijamuuliza. "Alinipa ufunguo, akasimama hapa kama anataka kusema kitu. Halafu akaenda zake. Na wewe, umejibuje huko kwenu?"

"Nimekataa."

Eufrazia aliachia minyororo ya geti. "Ungemwambia jana."

"Jana nilikuwa sijakataa, dada."

Nikapanda. Kiti kilikuwa kimesogezwa mezani vizuri, kibodi imepanguswa, hakuna hata punje ya muhogo. Nilifungua droo. Ilikuwa tupu. Basi la Mwanza lilikuwa limeshapita Chalinze saa ile, na yeye ndani hajui kama kuna posa au hakuna.

Nikawasha kompyuta. Disketi niliiacha kwenye mkoba. Nilifungua kwanza faili lake: sehemu ya kutafuta ilikuwa imekamilika, safi, kila kifungu na maelezo yake, nani aende wapi akikwama. Kazi ya mtu anayejua kwamba hatakuwepo kuulizwa. Niliisoma yote mpaka mwisho nikitafuta jina langu. Halikuwemo.

Ndipo nikafungua faili langu.

Juu kabisa palikuwa na nyota, na mstari mmoja: *Twaha, S.L.P. 1184, Mwanza.*

Basi. Hakuna salamu, hakuna tafadhali, hakuna swali. Anwani tu, ambayo mtu yeyote anaweza kumwachia mfanyakazi mwenzake. Nilimwelewa. Zaidi ya hapo angekuwa ameposa.

Nilifanya kazi mpaka saa sita na nusu. Nilimaliza ukurasa wa mwisho wa kumwandikisha mgonjwa, nikaandikisha watu kumi wa kujaribia, kila mmoja na jina la mama yake, na Twaha wa ndani ya mashine aliwapata wote bila kukosea. Hakuna wa kumwonyesha. Nikatoa disketi mkobani, nikaichomeka, nikaamuru kazi ya leo iingie humo.

Mashine ikaniuliza, faili hili lipo tayari, niweke jipya juu yake?

Nililisoma swali lote, mwanzo mpaka mwisho, kidole kimenyanyuka. Nikarudi kwenye faili, nikaangalia juu, nikahakikisha mstari wa Twaha bado upo. Kisha nikabonyeza ndiyo.

Nikazima ipoe. Saa saba na nusu ilikuwa haina mtu wa kupanda ngazi, na mchana ule hakuna ambaye angefungua kuangalia kama mstari upo au haupo. Mie niliuacha hapo hapo ulipo. Sikuugusa.